Simu mbili juu ya kaunta moja

Najua nimekuwa kimya. Kazi za wateja zimenibana, na kila jioni nikisema leo nitaandika, usingizi unanishinda. Lakini wiki jana nilikutana na jambo Kangemi ambalo limekataa kunitoka kichwani. Kwa hiyo leo nimefunga kazi mapema, nimechemsha chai, na nimekaa kitako. Makala ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Kila asubuhi mimi hupandia matatu Kangemi, kwenye barabara ya Waiyaki, kuelekea mjini. Karibu na steji kuna duka dogo la mama mmoja wa makamo: unga, sabuni, mkate, maziwa, na upande mmoja wa kaunta huduma ya kuweka na kutoa pesa kwa simu. Juu ya kaunta hiyo kuna simu mbili, zote mulika mwizi, zimefungwa kwa kamba zisije zikatembea. Moja ni ya mtandao mmoja, ya pili ni ya mtandao mwingine.

Siku hiyo alikuja kijana wa bodaboda, anataka kuweka shilingi elfu tatu kwenye simu yake. Mama akatazama simu ya mtandao wa yule kijana: floti imekwisha, zimebaki mia nne. Akatazama ile nyingine: kuna zaidi ya elfu ishirini. Hakuna la kufanya. Kijana akawasha pikipiki akaenda zake, na kamisheni ya mama ikaenda naye.

Mama akanigeukia. "Kijana wangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Hebu nielimishe. Pesa ni zangu, simu ni zangu, duka ni langu. Mbona pesa za simu hii haziwezi kusaidia hii nyingine?"

Nikamjibu, "Mama, ni mambo ya mitambo hayo."

Matatu ikaja, nikapanda. Lakini kabla hatujafika Westlands nilikuwa nimeshajiona mwongo. Mimi hutengeneza programu, nimesomea sayansi ya kompyuta miaka minne, najua vizuri kwamba tatizo la mama yule halihusu mitambo hata kidogo. Kupunguza tarakimu kwenye daftari moja na kuiongeza kwenye daftari lingine ni jambo tunalofundishwa mwaka wa pili. Benki hufanya hivyo kila siku. Barua pepe ni mfano rahisi zaidi: ukiwa na anwani ya Gmail unaweza kumwandikia mtu wa Yahoo, wala hakuna anayeshangaa. Seva hizo mbili ni za kampuni zinazoshindana, lakini zimekubali lugha moja. Pale kaunta kinachokosekana ni makubaliano, na mtu wa kulazimisha makubaliano hayo.

Basi leo nina hoja moja. Nadhani tukizungumza juu ya serikali na kampuni kubwa tunapoteza muda mwingi kubishana kama kampuni ivunjwe au iachwe. Swali lenye maana ni la mlango: je, wengine wanaweza kupita, kwa masharti gani, na ni nani aliyeyaandika? Na mlango ukifunguliwa nusu, anayefaidi ni yule yule mwenye nyumba.

Simu mbili juu ya kaunta moja si jambo geni duniani. Limewahi kutokea Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na namna walivyolishughulikia inatufundisha mengi, mazuri na mabaya. Twende huko kidogo kisha turudi Nairobi.

Alexander Graham Bell alipata haki ya kipekee juu ya uvumbuzi wa simu mwaka wa 1876. Haki zake kuu zilikwisha mwaka wa 1893 na 1894. Mara tu zilipokwisha, kampuni ndogo za simu zikaota kama uyoga, maelfu kwa maelfu, hasa katika miji midogo na mashambani ambako kampuni ya Bell haikuona faida ya kufika. Bell, ambayo baadaye mama yake ikawa AT&T, ikajibu kwa njia rahisi: ikakataa kuziunganisha. Ukiwa na simu ya kampuni ndogo, huwezi kumpigia mtu wa Bell hata kama anaishi nyumba ya pili. Matokeo yake, katika miji mingi daktari au mwenye duka alilazimika kulipia simu mbili ili asipoteze wateja. Simu mbili, ukuta mmoja. Mama wa Kangemi angewaelewa mara moja.

Na simu haikuwa peke yake. Enzi hiyo ndiyo ya kampuni kubwa za reli na mafuta. Standard Oil ya John D. Rockefeller ilipata punguzo la siri kutoka kwa kampuni za reli; mwenye kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta alilipa nauli kamili kwa mzigo ule ule, kwenye reli ile ile. Kufikia karibu mwaka wa 1880 Standard Oil ilikuwa na takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta wa Marekani. Tisa kwa kumi. Ishikeni hesabu hiyo, tutakutana nayo tena.

Serikali ilijaribu. Mwaka wa 1887 ikatungwa sheria ya kusimamia reli, na tume ikaundwa. Mwaka wa 1890 ikaja sheria ya Sherman dhidi ya ukiritimba. Kwenye karatasi zilikuwa kali. Kwa miaka mingi hazikuuma. Kilichobadilisha hali ni hasira ya wananchi na watu walioandika bila kuchoka. Mmoja wao ni Ida Tarbell, binti wa mtu wa biashara ya mafuta kutoka Pennsylvania, ambaye kuanzia mwaka wa 1902 alichapisha katika gazeti la McClure's mfululizo wa makala kuhusu Standard Oil, akichimba nyaraka za mahakama na kumbukumbu za serikali moja baada ya nyingine. Rais Theodore Roosevelt naye akaanza kuzipeleka kampuni kubwa mahakamani. Mwisho wa safari ya Standard Oil unajulikana: mwaka wa 1911 Mahakama ya Juu iliagiza ivunjwe, zikatoka kampuni 34.

Watu hupenda sana hadithi hiyo ya 1911, kwa sababu ina nyundo. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayasimuliwi sana. La kwanza, Rockefeller alikuwa na hisa katika vipande vyote, na vipande hivyo vikapanda bei, hivyo akazidi kutajirika baada ya kuvunjwa. La pili, miaka mitano kabla ya nyundo, mwaka wa 1906, ilipitishwa sheria ya Hepburn. Sheria hii iliipa tume ya reli uwezo wa kuweka kikomo cha nauli, na ikaamuru kwamba bomba la mafuta linalovuka majimbo libebe mafuta ya kila mtu, si ya mwenye bomba tu. Kampuni zilipinga mahakamani mpaka zikashindwa mwaka wa 1914. Halafu zikaja na ujanja mwingine: ndiyo, tutabeba mafuta yako, lakini mzigo usiwe chini ya kiwango fulani. Kiwango chenyewe kiliwekwa juu kiasi kwamba mtu mdogo hakukifikia.

Mimi niliposoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu nimeshakutana nalo kazini mara kadhaa. Unaambiwa API iko wazi, karibu, jisajili. Halafu unasoma masharti: uwe na wateja wangapi, uweke dhamana kiasi gani, usubiri idhini wiki ngapi. Mlango upo, hata kibao cha karibu kipo, ila kizingiti kiko kifuani.

Sasa rudi kwenye simu. Mwishoni mwa mwaka wa 1913, serikali ya Marekani ilipokuwa inainyemelea AT&T, makamu wa rais wa kampuni hiyo, Nathan Kingsbury, alimwandikia barua Mwanasheria Mkuu. Katika barua hiyo AT&T iliahidi mambo matatu: kuuza hisa zake katika kampuni ya telegrafu ya Western Union, kutonunua kampuni shindani bila idhini, na kuruhusu kampuni ndogo ziunganishwe na laini zake za masafa marefu. Magazeti yakasifu. Mlango umefunguliwa!

Umefunguliwa, ndiyo, lakini nusu. Ahadi ilihusu simu za masafa marefu. Haikuilazimisha AT&T kuunganisha simu za mji mmoja na kampuni inayoshindana nayo pale pale. Yaani mwenye duka mwenye simu mbili ukutani alibaki na simu zake mbili. Polepole wateja wakachoka kulipa mara mbili, wakaelekea kwa mwenye mtandao mkubwa. Mwaka wa 1921 sheria mpya ikarahisisha kampuni za simu kuungana. AT&T ikawa ukiritimba wenye baraka za serikali, ikakaa hivyo mpaka ilipovunjwa mwaka wa 1984. Miaka sabini, kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua.

Turudi nyumbani.

Kenya tulianza na ukiritimba wa serikali yenyewe. Kampuni ya posta na simu, KPTC, ilikuwa mwendeshaji na msimamizi kwa pamoja. Kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1998, iligawanywa mwaka wa 1999: Telkom Kenya ikachukua simu, Posta ikabaki na barua, na ikazaliwa Tume ya Mawasiliano, CCK, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mdhibiti mpya kabisa. Na mtihani wake mmoja wa mwanzo, wasomaji, ulikuwa wa intaneti.

Wakati huo, ukiwa katikati ya jiji na umetuma barua pepe kwa mtu wa jengo la ng'ambo ya barabara anayetumia kampuni nyingine ya intaneti, barua ile ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikageuka, ikashuka tena Nairobi. Kila hatua ililipiwa kwa dola. Kampuni za intaneti, chini ya chama chao TESPOK, zikasema: huu ni wazimu, tuweke swichi yetu hapa mjini, tubadilishane data za ndani hapa hapa. Mwishoni mwa Novemba 2000 wakaiwasha, wakaiita KIXP.

Telkom Kenya ikalalamika kwa CCK kwamba haki yake ya kipekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa imeingiliwa. Ya kimataifa! Data iliyotoka barabara moja kwenda barabara nyingine ya Nairobi. Ndani ya wiki mbili hivi, CCK ikaamua KIXP ni haramu kwa kukosa leseni, ikafungwa. Ilichukua mwaka mzima na zaidi wa rufaa, barua na mikutano. Leseni ikatoka Novemba 2001, na swichi ikarudi hewani Februari 2002 ikiwa na kampuni tano. Data ambayo ilichukua sekunde nzima au zaidi kupitia setilaiti ikaanza kufika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mchanga, sikuona lolote. Lakini kila ninapofundisha vijana kazini jinsi intaneti inavyopita, huanza na hadithi hii. Inatuonya kwamba mdhibiti si malaika. Chombo kile kile tunachokiita kitulinde kinaweza kutumiwa na mkubwa kufunga mlango wa mdogo, tena kwa muhuri wa serikali. Kwa hiyo mtu akisema "tunahitaji udhibiti zaidi," mimi humuuliza kwanza: wa kufungua au wa kufunga?

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Benki Kuu, pale barabara ya Haile Selassie, haikuwa na sheria yoyote inayolingana na kitu kile. Iliangalia, ikasema haina pingamizi, ikaacha kijaribiwe. Mwishoni mwa 2008, huduma ilipokwisha kukua, benki zikaanza kulalamika, na waziri wa fedha akataka ichunguzwe. Benki Kuu ikachunguza, na mwanzoni mwa 2009 ikasema iko salama. Yaani wakubwa wa siku hizo walikimbilia kwa mdhibiti, na safari hii mdhibiti hakufunga. Bila uamuzi huo pengine mama wa Kangemi asingekuwa hata na simu moja kwenye kaunta.

Ila mdogo wa 2007 akakua. Leo pesa za simu Kenya, takriban tisa kwa kumi ziko M-Pesa. Niliwaambia tutakutana na hesabu ile.

Tuone basi wadhibiti wetu wamefungua milango ipi tangu hapo. Nitaenda haraka.

2010: ada ambayo mtandao mmoja hulipa mwingine kwa kupokelewa simu zake ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Msiione ndogo hii. Ada hii ikiwa juu, mtandao mdogo hauwezi kushusha bei, kwa sababu simu nyingi za wateja wake zinaelekea kwa mtandao mkubwa. Mara ilipokatwa, bei za simu zikaporomoka, mpaka mitandao yenyewe ikaanza kulia. Hatua iliyofuata ikacheleweshwa. Baadaye ikafika senti 99 na kukaa hapo miaka. Mamlaka ilipotaka kuishusha hadi senti 12 kuanzia 2022, Safaricom ikakata rufaa, yakafikiwa maafikiano ya senti 58, na mwaka wa 2024 ikafika senti 41.

2011: ukaruhusiwa kuhama mtandao na nambari yako. Waliohama ni wachache mno. Sababu tunaijua sote: nambari ilihama, pesa haikuhama. Huu ni mfano mzuri wa mlango kuwekwa kwenye ukuta usio na chumba nyuma yake.

2014: Mamlaka ya Ushindani, baada ya malalamiko ya Airtel, ikafanya wakala wa M-Pesa aruhusiwe kuhudumia mitandao mingine. Kabla ya hapo alifungwa na mkataba. Simu ya pili ya mama yule imetokana na uamuzi huu. Kwa hiyo nikiiona pale kaunta, naiona pia kama ushindi.

2016: Mamlaka hiyo hiyo ikaamuru ada ya muamala ionyeshwe kwenye skrini kabla hujathibitisha. Hakuna aliyevunjwa, hakuna aliyefungwa. Mistari michache ya kodi ikaongezwa, na mamilioni ya watu wakaanza kujua wanakatwa ngapi kabla ya kukatwa. Mimi naona huu ni mmoja wa udhibiti bora kabisa uliowahi kufanywa nchini, na hakuna anayeusherehekea.

2018: ukaweza kutuma pesa moja kwa moja kutoka M-Pesa hadi Airtel Money na kinyume chake. 2022: malipo ya Paybill yakaanza kuvuka mitandao.

Hayo yote ni mema. Lakini mtazame tena mama na kaunta yake. Mtu kwa mtu, mlango umefunguliwa. Mteja kwa biashara, umeanza kufunguliwa. Wakala, yeye anayebeba pesa taslimu za nchi hii kwenye droo ya mbao, bado ana floti mbili zisizojuana. Hiyo ndiyo sentensi yetu ya Kingsbury. Akichoka kugawa mtaji wake mdogo mara mbili, floti ipi ataiacha? Hamhitaji shahada kujibu. Ataiacha ile yenye wateja wachache, na mtandao mdogo utapoteza wakala mmoja zaidi, na mkubwa atakuwa hajavunja sheria yoyote.

Najua kuna watakaonijibu kwa ukali, na baadhi ya majibu yao yana uzito. Watasema Safaricom ilijenga, ikathubutu wakati wengine wamelala, ikazunguka kuandikisha mawakala mpaka vijijini. Kwa nini leo ilazimishwe kumbebea mizigo aliyelala? Naikubali kazi yao. Ila tukumbuke pia kwamba majaribio ya mwanzo ya M-Pesa yalisaidiwa na karibu pauni milioni moja za msaada wa serikali ya Uingereza, kwamba masafa ya redio ni mali ya umma, na kwamba kampuni yenyewe ilianzia ndani ya KPTC, shirika la umma. Na sijasema mlango uwe wa bure. Bomba la mafuta la Marekani halikubeba bure. Lilitakiwa kubeba kwa bei moja kwa wote, iliyotangazwa. Mwenye bomba apate faida yake. Asichague tu nani apite.

Wengine watanilaumu kutoka upande wa pili: hizo ni nusu hatua, ivunjwe, M-Pesa itengwe na simu. Wito huo husikika kila baada ya muda, na rasimu ya utafiti iliyoagizwa na Mamlaka ya Mawasiliano ilipovuja mwaka wa 2017, ulivuma sana. Sipingi kabisa. Lakini kumbukeni Rockefeller. Ukikata kampuni mara mbili ukaacha milango imefungwa, unapata kampuni mbili zenye milango iliyofungwa. Floti ya mama itabaki pale pale ilipo.

Halafu kuna jambo ambalo Wamarekani wale hawakuwa nalo na sisi tunalo. Roosevelt hakuwa na hisa Standard Oil. Serikali yetu, baada ya kuuzia umma asilimia 25 ya Safaricom mwaka wa 2008 kwa shilingi 5 kwa hisa, ilibaki na asilimia 35. Desemba 2025 ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo Hazina ilipokea gawio kutoka kwa kampuni ambayo vyombo vya serikali vilitakiwa kuidhibiti. Ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano na makao makuu ya Safaricom zote ziko kando ya barabara hii hii ya Waiyaki. Sisemi kuna aliyehongwa. Nasema refa akivaa jezi, hata akipuliza filimbi kwa haki, uwanja hauamini.

Basi tufanyeje sisi watu wa kawaida, hasa sisi wa kompyuta? Mimi nimejiwekea maswali matatu. Kila nikisikia habari mpya za udhibiti, nayauliza:

1. Je, unafungua mlango au unatoza faini tu? Faini inalipwa na kusahaulika. Mlango hutumiwa kila siku.

2. Je, masharti yameandikwa hadharani, na bei ni moja kwa wote? Kama ninahitaji kumjua mtu ndani ili nipate idhini, huo si mlango, ni dirisha la nyuma.

3. Je, yule mdogo kabisa kwenye mnyororo anaweza kupita? Si benki, si kampuni yenye mawakili. Mama mwenye droo ya mbao.

Udhibiti mwingi hufeli swali la tatu, kwa sababu yule mdogo haalikwi kwenye mkutano. Mikutano ya maoni ya umma hutangazwa, nyaraka huwekwa kwenye tovuti, tena kwa Kiingereza cha mawakili, na wanaofika ni wale wanaolipwa kufika. Sisi tunaojua mifumo hii inavyofanya kazi ndani tunakaa kimya kwa sababu tuna kodi za kuandika. Mimi mwenyewe sijawahi kutuma maoni hata mara moja. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndiyo kweli. Ida Tarbell hakuwa mwanasheria wala mbunge. Alichukua nyaraka zilizokuwa wazi kwa yeyote, akazisoma, akawaelezea watu kwa lugha yao. Kazi hiyo bado ina nafasi.

Jana asubuhi nilipita tena dukani kununua mkate. Nikamwambia mama, "Ile siku nilikudanganya. Si mambo ya mitambo. Inawezekana kabisa, ila hakuna aliyewalazimisha."

Akaniangalia kidogo, akanirudishia chenji. "Basi waambie," akasema.

Ndiyo nimeanza. Mkutano wa maoni ya umma ukitangazwa tena, safari hii nitaandika ukurasa mmoja kuhusu floti za mawakala na kuutuma. Nikishautuma nitaubandika hapa mwone. Kama una duka, au mzazi wako ana duka, niandikie unavyogawa floti yako na unapoteza wateja wangapi kwa siku. Na wale mtakaosema nimepotoka, karibuni pia, mradi mje na hoja.

Chai imepoa. Tuonane tena, na nitajaribu nisikae kimya muda mrefu hivi.